Sindano ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa

Nairobi,
12 Februari 1996

Ndugu Abdijabar,

Usishtuke kuuona mwandiko wangu baada ya miaka minne ya kimya. Sijaolewa, sijafa, wala sikuletei kadi ya mchango. Nakuandikia kwa ajili ya kazi, na nimechoka hata kabla sijaanza kueleza, kwa hiyo soma polepole.

Tangu mwaka jana nimehamishiwa kwenye utafiti wa dawa ya saratani hapa katika wadi yetu. Ni ile saratani ya chembe za rangi ya ngozi, melanoma, ambayo kwa watu weusi hupenda kujificha unyayoni. Chuoni tulifundishwa habari zake kwa dakika tano, nawe ulikuwa umelala. Wagonjwa hutufikia wakiwa wamechelewa: mitoki, yale mavimbe ya tezi, imejaa kinenani na eksirei inaonyesha madoa mapafuni. Dripu ya zamani, inayotolewa mara moja kila wiki nne, huwasaidia wachache tu. Sasa imekuja sindano mpya. Hakuna anayejua kama inatibu, wala inadhuru kiasi gani, na ndiyo maana tunaijaribu. Nusu ya wagonjwa wanapata dripu pamoja na sindano, nusu nyingine dripu peke yake. Hatuchagui sisi, ni kura. Kuna bahasha zilizofungwa, na mimi ndiye ninayezifungua mbele ya mgonjwa.

Juzi nimefungua mbili za watu wa huko kwenu. Mmoja ni mzee Shirwa wa hapo hapo Habaswein, kisigino cha kulia. Alidhani ni mwiba wa mgunga, akawa anautafuta kwa kisu mwaka mzima. Wa pili ni mzee Guracha, mfugaji wa Kiborana anayekaa pande za Hadado. Yeye amekatwa kidole kikubwa cha mguu, lakini ugonjwa ulikuwa umeshapanda. Walikutana kwenye basi la kuja Nairobi, wote wawili wakichechemea, na tangu siku hiyo wanakula sahani moja. Shirwa amepata bahasha ya sindano. Guracha amepata dripu peke yake.

Niliwasomea karatasi za ridhaa, kurasa sita. Mimi nilisema Kiswahili, mfagizi wetu akamwambia Shirwa kwa Kisomali, Shirwa akamwambia Guracha kwa Kiborana. Kilichofika mwisho wa foleni hiyo Mungu anakijua. Wakaweka dole gumba.

Sindano ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, chupa moja kila mara, kwa miezi sita. Utamchoma wewe. Nimewaambia wakubwa wangu kwamba kwenye kituo cha afya cha Habaswein kuna mtu mwenye friji ya chanjo inayofanya kazi na kichwa kinachofanya kazi. Usiniaibishe kwa lolote kati ya hayo mawili. Guracha atakaa kwa Shirwa ili asikose safari za dripu, kwa hiyo mpime naye kila wiki, ujaze fomu yake.

Wako,
Wakesho


Habaswein,
15 Machi 1996

Dada Wakesho,

Salamu kutoka kwenye joto na vumbi. Sikuwa nimelala darasani siku ile, nilikuwa nimefumba macho nisikie vizuri.

Kasha la barafu lilifika salama. Dereva wa basi alilikalisha karibu naye toka Garissa, na walipongojea askari wa kusindikiza msafara alilifunika kwa shuka lake. Jumatatu ya tarehe 4 nilimchoma mzee Shirwa sindano ya kwanza. Baada ya saa tatu alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, joto likafika thelathini na tisa na nusu. Jumatano ikawa vile vile. Binti yake Osob alimkanda kwa maji mpaka ikatulia. Yote nimeyaandika kwenye fomu.

Mzee Guracha huja naye kila siku ya sindano. Hukaa kwenye benchi la nje, fimbo magotini, akitazama mlango. Shirwa aliniuliza kwa nini mwenzake hapewi. Nikamweleza habari ya kura. Akaniuliza kura hiyo ameipiga nani. Nikamwambia ni karatasi tu, hakuna mtu. Nadhani ameelewa.

Chupa zinatumika zote, hakuna hata tone linalomwagika. Ukame umekaza huku, ng'ombe wanaanguka barabarani, na watoto wenye utapiamlo wanajaza kituo. Niko peke yangu na mhudumu mmoja. Usiponisikia ujue ni hilo.

Abdijabar


Nairobi,
9 Aprili 1996

Abdijabar,

Wazee wako walifika kwa dripu na wanaondoka leo. Nampa Shirwa barua hii na kasha jipya.

Nikupe habari iliyomwamsha Profesa, mkuu wa utafiti wetu. Mtoki wa Guracha ulikuwa sentimita nne, sasa ni mbili na nusu. Alipima mara mbili, akavaa miwani mingine, akapima tena. Kwenye kundi la dripu peke yake hatujaona kitu kama hicho. Shirwa naye amepungukiwa, tena anavumilia dawa kuliko wote. Wenzake wa sindano wameisha miili. Wawili wameomba kutolewa, mmoja ini lilikataa akafa. Lakini huyu wako anakula, anatania wauguzi, na chembe nyeupe za damu yake hazijashuka kama za wengine. Profesa anauliza huko kwenu mnakula nini.

Mimi sina hamu ya kuuliza. Wiki jana amefariki mama mmoja wa Machakos, wa kundi la dripu. Mwanawe alinishika mkono kwenye ngazi akaniuliza kama ile bahasha nyingine ingemwokoa mama yake. Nikamwambia hatujui bado. Ni jibu la kweli, na nimechoka kulitoa. Nalirudia mara mbili tatu kwa wiki, kisha nakwenda kufungua bahasha nyingine.

Fomu zako ni safi, asante. Ila za Guracha umeacha mahali pa homa wazi. Jaza.

Wakesho


Habaswein,
27 Aprili 1996

Dada Wakesho,

Nimejaza. Mzee Guracha amekuwa na homa za hapa na pale, na kutetemeka kidogo. Ni malaria. Nimempa dawa ya malaria.

Mengine ni mazima. Niwie radhi kwa ufupi, foleni iko hadi getini.

Abdijabar


Nairobi,
14 Mei 1996

Abdijabar,

Nimezitandaza fomu zako mezani, za Shirwa upande huu na za Guracha upande ule. Shirwa ametetemeka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Guracha ametetemeka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nataka kujua, hao mbu wa Habaswein wanasoma kalenda?

Walipokuja kwa dripu nilimtoa Guracha damu. Hana malaria. Chembe zake nyeupe zimeshuka, na dripu peke yake haizishushi hivyo. Zimeshuka sawasawa na za Shirwa, kama watu wawili waliogawana shuka moja.

Sijamwambia mtu. Mwezi wa saba watakuja wakaguzi kutoka ng'ambo, watu ambao kazi yao ni kutandaza fomu mezani kama nilivyofanya mimi. Nakuomba uniambie wewe kabla hawajaniambia wao. Tumekula ugali wa chuo pamoja miaka mitatu, sistahili kudanganywa kwa mwandiko mzuri.

Wakesho


Habaswein,
26 Mei 1996

Dada yangu Wakesho,

Ni kweli. Nawachoma wote wawili. Chupa moja, nusu kwa Shirwa, nusu kwa Guracha, tangu Jumatano ya tarehe 13 Machi. Barua yangu ya kwanza ilikwisha kuwa ya uongo nilipoitia sahihi. Naona haya, na nimeona haya kila siku ya sindano.

Nikueleze ilivyokuwa. Ijumaa ya tarehe 8 mzee Shirwa aliingia, nikafungua chupa, naye akashusha mkono wa kanzu.

"Abdijabar," akasema, "hii chupa gawa mara mbili."

Nikamwambia kwa heshima, kama mtoto kwa ami yake, "Adeer, dawa hii haigawanywi."

"Maziwa inagawanywa, dawa inakataa?"

"Ni ya mtafiti, adeer. Ni amana. Wewe umepangiwa, yeye hakupangiwa."

"Sikiliza," akasema. "Hii mtu mimi nimetoka na yeye safari. Kwa wodi tumekula sahani moja siku kumi na nane. Leo yeye ni mgeni ya nyumba yangu. Watu yake na watu yangu wameuana kwa sababu ya kisima, wewe unajua. Sasa mimi niinue mkono nichomwe, yeye akae kwa benji anaangalia? Mimi nibone, yeye afe ndani ya nyumba yangu? Watoto yake watasema nini? Na watoto yangu watasoma nini kwa mimi?"

Nikatoka nje kumwomba Guracha azungumze naye. Huyo ni mtu wa maneno machache. Alisema tu, "Choma yeye. Mimi sina neno." Shirwa akamsikia kutoka ndani akapaza sauti kwamba basi leo hachomwi mtu. Wakaondoka wote wawili. Jumatatu wakaja, wakakaa, wakaondoka. Dawa niliyoifungua Ijumaa niliimwaga mchangani. Nilikuwa na mgonjwa anayekufa, dawa ndani ya friji, na sheria, na hivyo vitatu havikutaka kukaa pamoja. Jumatano niligawa.

Ungekuwa umezaliwa huku ungenielewa bila barua ndefu hivi. Mtu aliyesafiri nawe huli peke yako mbele ya macho yake. Baba yangu angenikana. Lakini sikuthubutu kukuandikia, kwa sababu najua pia ungesema nini, na ungekuwa na haki.

Bado nawachoma. Shirwa hakubali vinginevyo. Na Wakesho, wanapata nafuu. Guracha amefunga safari ya kisimani na kurudi kwa miguu yake.

Abdijabar


Nairobi,
10 Juni 1996

Abdijabar,

Nimekaa na barua yako siku nne. Siku ya kwanza nilikukasirikia, ya pili nikamkasirikia Shirwa, ya tatu nikajikasirikia mwenyewe kwa kutotaka kumkasirikia Guracha. Leo sina nguvu ya kumkasirikia yeyote.

Lakini sikiliza mlichofanya. Guracha yuko kwenye kundi la dripu. Anapopona, kitabu kinasema dripu peke yake inatosha. Mwisho wa hesabu watasema sindano haina faida, itupwe, na mtu wa kesho ambaye ingemsaidia hataipata. Shirwa naye ameandikwa kwamba anapewa dozi kamili na haimtesi. Watasema dozi hiyo ni salama, wawachome watu kamili, nao waanguke wakishangaa kwa nini mzee mmoja wa Habaswein aliiweza. Kwa huruma yenu mmedanganya pande mbili kwa chupa moja.

Na hili linaniuma zaidi. Huenda nusu ndiyo dozi yenyewe. Huenda mmegundua kitu. Lakini watu wawili si ushahidi, tena watu wawili wa siri si kitu kabisa.

Nitamwambia Profesa kesho. Nimejaribu kutafuta njia nyingine na sijaiona. Nitamwomba wote wawili waendelee kupewa. Siwezi kukuahidi kitu.

Anayekuletea barua hii ni Guracha mwenyewe. Ananingoja na nailoni ya kuivika, amenionyesha kilemba atakamoiweka, akanihakikishia kwa ishara kwamba haitalowa. Nilitaka kumpa mtu mwingine nikashindwa nitamwambia nini.

Wakesho


Nairobi,
2 Julai 1996

Abdijabar,

Wakubwa wangu wamekaa, wameamua. Nakuandikia kama ilivyo.

Nambari ya Shirwa na nambari ya Guracha zimefutwa kwenye hesabu. Shirwa anaruhusiwa kuendelea na sindano hadi miezi yake sita itimie, kwa huruma, kwa kuwa kura ilimpa. Masharti ni kwamba achomwe chupa nzima, peke yake, mbele ya shahidi anayeweka sahihi kila mara. Wamemtaja mwalimu mkuu wa shule. Chupa tupu zirudishwe Nairobi. Guracha anaweza kuendelea kuja kwa dripu. Sindano hapana.

Niliomba. Nilisema mtu huyu amepungukiwa na mtoki kwa sindano hiyo hiyo, kumkatiza ni kumuua. Profesa si mtu mbaya, alivua miwani akasugua macho. Akasema, "Sister, tukimpa huyu, tuwaambie nini wale thelathini wengine wa kundi lake?" Thelathini hao nawajua wote kwa sura.

Wewe umepewa onyo la maandishi, linakuja. Hawakukuondoa kwa sababu hawana mwingine wa kuchoma sindano huko.

Wasomee wazee barua hii. Usiwafiche kitu, tumeficha vya kutosha.

Wakesho


Habaswein,
24 Julai 1996

Dada Wakesho,

Niliwasomea Jumatatu ya tarehe 8, ndani ya chumba cha sindano, Osob akinisaidia. Nilisoma yote, hata maneno ya Profesa. Shirwa alisema jambo moja baya kwa Kisomali ambalo sitaliandika. Kisha akauliza, "Thelathini gani?" Nikamwambia ni wagonjwa wengine ambao kura iliwapa dripu tu.

Guracha aliomba maji. Akanywa, akarudisha kikombe, akasema, "Vizuri. Maneno imekwisha."

Jumatano hakuja kwenye benchi. Fimbo yake haikuwepo kwa Shirwa, wala blanketi. Alikuwa ameondoka asubuhi hiyo na lori la mbuzi linaloelekea Hadado. Osob ndiye aliyemwona akipanda. Alimwachia neno: "Mwambie baba yako achomwe yote. Akikataa, mimi nimeondoka bure." Shirwa alipoambiwa aliketi chini pale pale mchangani, mtu mzima, akajifunika uso kwa shali. Nimemjua tangu nikiwa mtoto na sijawahi kumwona vile.

Kisha akaja akanyoosha mkono. Mwalimu mkuu akaweka sahihi.

Chupa nzima si mchezo. Ameshachomwa sita na sasa hivi hatembei bila kushikwa. Joto linapanda hadi arobaini, chakula hakikai, ulimi umejaa vidonda. Kila mara namuuliza kama tuache, naye hunijibu kwamba Guracha amekataza. Nimetuma salamu Hadado kwa madereva watatu. Wamesema amehama na mifugo kutafuta malisho, hawajui wapi.

Onyo limefika. Nimelitundika ukutani juu ya friji. Nimechoka, Wakesho, na sijui tena ni wapi nilipokosea, kwenye kugawa au kwenye kukuambia.

Abdijabar


Nairobi,
21 Agosti 1996

Abdijabar,

Hukukosea kuniambia. Hilo nalijua, ingawa silioni likimsaidia mtu.

Shirwa hakuja kwa dripu mara hii, wala Guracha. Fomu za Shirwa zinanitisha. Nilimpelekea Profesa nikamwomba tupunguze, tumpe nusu, tunajua nusu anaiweza. Akasema nusu haimo kwenye karatasi. Ni kweli, haimo. Mwambie Shirwa anaweza kuacha siku yoyote bila kutoa sababu, kurasa zile za ridhaa zinasema hivyo, niliisoma sentensi hiyo kwa mdomo wangu. Mwambie mimi nimesema aache.

Nipe habari za Guracha. Kila basi la huko likiingia naenda kumtafuta kwenye benchi la mapokezi, kisha narudi wadini.

Wakesho


Habaswein,
20 Septemba 1996

Binti yangu sister Wakesho,

Assalaam aleikum. Mimi ni Shirwa. Nasema kwa Kisomali na Osob anaandika kwa Kiswahili. Amesoma hadi kidato cha pili, na nimemwambia asiyapambe maneno yangu. Abdijabar anajua kwamba nakuandikia. Usimlaumu tena, nilimlazimisha mimi, na mtu akilazimishwa na mzee wa kwao hana pa kwenda.

Nilichomwa chupa nzima mara kumi na tano. Ya kumi na sita nilikataa, kabla barua yako haijafika. Niliogopa kufa nikitapika, basi, sina sababu nzuri zaidi ya hiyo. Nilitaka pia kupata miguu nimtafute Guracha. Baada ya wiki mbili miguu ilirudi kidogo. Nilipanda lori mpaka Hadado, nikalala kwa watu, nikauliza visimani. Nilimkuta kwa shemeji yake, nusu siku kwa punda kutoka hapo.

Alikuwa amekonda sana. Mtoki ulikuwa umerudi mkubwa kuliko zamani, na kifuani alikuwa akipumua kama mtu aliyekimbia. Alinigombeza. Aliniuliza kama nimechomwa yote. Nilimwambia ndiyo. Huo ulikuwa uongo, na nimeshamwomba Mungu anisamehe. Nilikaa naye siku tano. Alifariki Jumatano ya tarehe 4 Septemba baada ya sala ya adhuhuri, na alasiri tulimzika. Wanawe walinipa koleo niwe wa kwanza kumwaga mchanga. Laiti watu wa kwetu wangekuwepo waone jambo hilo.

Sasa nataka kukuambia kilichoniweka mezani na Osob.

Siku ile wadini ulisoma karatasi nyingi. Nilisikia kwamba kuna kura, moja ina sindano na moja haina. Nilidhani dawa ni chache. Kwetu ukiwa na kidogo na watu ni wengi unapiga kura, halafu aliyepata anajua la kufanya, anampa mwenzake. Nilifanya hivyo. Hakuna aliyeniambia kwamba mnataka mmoja akose ili mpate kuona tofauti. Nimeambiwa mwezi wa saba, na dawa ilikuwa imeshakatazwa. Na hakuna aliyeniambia habari ya hao thelathini. Nilimwona Guracha peke yake kwa sababu ndiye aliyekuwa mbele yangu. Tangu nimewasikia siwaachi. Nauliza wanakaa wapi, wana watoto wangapi, nani anakula nao. Ukiweza nijibu hilo, wangapi wako hai.

Abdijabar anasema wewe ulitaka kujua kama ile nusu inafaa, ila hakuna anayekubali kuiandika. Mimi na Osob tumehesabu na mwalimu mkuu amehakikisha. Guracha alichomwa nusu mara arobaini na sita. Mimi mara arobaini na sita vilevile, na chupa nzima mara mbili mwanzo, na kumi na tano mwisho. Kwenye nusu nilitetemeka lakini nilikula na nikatembea. Guracha alitembea hadi kisimani. Alipokatazwa, mtoki ulianza kurudi baada ya siku kumi na nne, shemeji yake alimwona akiushika. Alikufa siku ya hamsini na nane baada ya kusomewa barua yako. Andika hayo mahali, hata kama si kwenye kitabu cha Profesa. Sisi tumekwisha kufutwa, hutaharibu kitu.

Mtoki wangu nao umeanza kurudi. Osob anaupima kwa uzi kila Ijumaa, na namba zake ziko nyuma ya karatasi hii. Sindano sitaki tena, nusu wala nzima. Nitaendelea kukutumia namba kadiri Mungu atakavyonipa.

Mimi sikukasirikii, binti yangu. Ulifanya kazi yako ukiwa umechoka, niliona macho yako wadini. Ila mwingine akija, umweke chini umwambie yote. Ungeniambia mimi kwamba Guracha anakosa kwa ajili ya watu wanaokuja, na kwamba nikimpa hesabu itaharibika, ningempa vilevile. Ila ningekuambia siku hiyo hiyo, uandike.

Shirwa
(dole gumba)

Imeandikwa na Osob Shirwa